Mkataba wetu ulikaa kabatini

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja wa Kahama ameandika kwenye ukurasa huu kwamba Wachina hawataki vyama vya wafanyakazi, na kwamba dawa yao ni Serikali kuwabana tu. Barua yake nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimamisha cherehani. Kubanwa, sina ubishi. Lakini hilo la kutotaka vyama limenikwaza, maana nilikuwa katibu wa tawi kwenye kiwanda cha Wachina hapa Nyakato kwa miaka mitatu, na chama hatukukipigania. Tuliletewa. Geti alilifungua bosi mwenyewe, na soda zikanywewa.

Kiwanda sitakitaja, na chama sitakitaja pia, kwa sababu wapo wenzangu ambao bado wanapata ugali wao kule. Tulikuwa watu 140 na kitu, tukitengeneza ndoo, mabeseni na ndala. Malighafi nyingi ilitoka kwa waokota makopo. Unafika asubuhi unakuta rundo la viti vilivyovunjika, madumu ya mafuta ya kula, ndala za mguu mmoja mmoja. Vyote vinaingia mashine ya kusagia, vinatoka chenga, chenga zinayeyushwa, na wiki ijayo unaliona beseni la bluu linauzwa Mabatini. Harufu yake haitoki. Baba Kulwa alikuwa ananiambia nguo nivulie uani.

Shifti zilikuwa mbili, saa moja hadi saa moja, siku sita. Hesabu hii niliifanya baadaye sana, nilipofundishwa kuifanya: toa saa moja ya kula (sisi tulipewa nusu, lakini tuseme saa moja), zinabaki saa 11 kwa siku, 66 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zilizozidi ni 21, kwa wiki nne ni 84, na sheria hiyo hiyo inasema ovataimu kwa wiki nne isivuke saa 50, tena ilipwe mara moja na nusu. Sisi tulilipwa kama saa ya kawaida. Mshahara ulikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi, kima cha chini cha viwanda cha wakati ule, haikuzidi hata mia ya sambusa.

Chama kiliingia mwaka 2017. Afisa wa chama wa mkoa alikuja na vijana wawili na bunda la fomu za TUF 6, zile za kukubali kukatwa mchango. Bosi akasimamisha mashine dakika arobaini, jambo ambalo hakulifanya hata siku paa la stoo liling'olewa na upepo. Tukasaini watu 96 palepale kantini. Asilimia mbili ya 115,000 ni 2,300. Mara 96 ni shilingi 220,800 kila mwezi, na nitamtendea haki bosi: hizo zilikwenda kila mwezi bila kuchelewa. Wako waajiri wa Kiswahili kama sisi, tena wanaoswali mstari wa mbele, wanaokata na hawapeleki.

Mei Mosi ya kwanza tukaletewa fulana 20. Watu 96, fulana 20. Waliochaguliwa kuandamana waliteuliwa na ofisi ya utumishi.

Nilichaguliwa katibu wa tawi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na naandika mwandiko unaosomeka. Kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kuuliza mkataba wa hali bora, ule ambao chama kinasaini na mwajiri juu ya masharti yetu ya kazi, uko wapi. Tuliambiwa umeshasainiwa. Lini? Mwezi uliopita. Na nani? Na viongozi wenu. Nikamwendea afisa wa mkoa ofisini kwake, nikamwambia kaka, naomba nakala. Akasema, "Mama Kulwa, uko salama kabisa, mkataba upo kabatini." Kabati la nani, hakusema. Nikarudi kazini kwa daladala ya Igoma nikijiuliza mkataba wa watu 96 unakuwaje salama kwa kutosomwa na yeyote kati yao.

Mwenzangu wa Kahama anadhani bosi hapo ndiye alikuwa anatukwepa. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini alikuwa na picha yake ya chama, na sikuielewa picha hiyo mpaka siku ya kikao cha mkalimani.

Mkalimani alikuwa kijana wa Kichina aliyejifunza Kiswahili darasani huko kwao. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula, ila ukikipinda kidogo tu kinavunjika. Nikasimama nikasema, "Mwambie bosi tunaomba tuuone mkataba, ili viongozi wa tawi tujue tunasimamia nini." Akaongea, akaongea. Bosi akawa mwekundu. Akapiga meza, kikombe cha chai ya majani marefu kikamwagika kwenye makaratasi, kikao kikavunjika. Kesho yake wawili kati yetu wakahamishiwa mashine ya kusagia, mimi nikiwa mmojawapo.

Aliyenifumbua macho alikuwa binti wa uhasibu, naye Mchina, lakini Kiswahili chake alikiokota soko la Buzuruga akinunua mchicha na kubishania bei. Alinikuta bombani nanawa. "Mama Kulwa," akasema, "wewe umesema kusimamia. Yeye amesikia kusimamisha. Amemwambia bosi kwamba mama huyu asipopewa karatasi atasimamisha mashine." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akaniuliza kwa nini tunataka kulisoma lile karatasi, kwani chama kwetu kinafanya nini hasa?

Nikamuuliza na mimi, kwenu kinafanya nini? Akasema mama yake alifanya kazi kiwanda cha nguo, na mwanachama alikuwa. Mwaka mpya wao chama kilikuja na mafuta ya kupikia na taulo. Mtu akifiwa, chama kinaleta rambirambi. Kulikuwa na mashindano ya kuvuta kamba. Mwenyekiti alikuwa meneja msaidizi. Mgomo? Akatikisa kichwa. Baadaye nilisikia kwenye semina ya Morogoro kwamba China ina shirikisho moja tu la vyama linalotambuliwa na sheria, lilianzishwa 1925, lina wanachama mamia ya mamilioni, na kwamba haki ya kugoma iliondolewa kwenye katiba yao mwaka 1982. Basi bosi wetu hakuwa anatudanganya aliposema anapenda chama. Alikipenda kweli. Alidhani amepata mtu wa kugawa taulo.

Na hapa ndipo nilipoacha kumshangaa, Mhariri, kwa sababu chama hicho nakijua. Nimekulia ndani yake. Baba yangu alikuwa kiwanda cha nguo cha Mwatex, idara ya kusokota nyuzi, na kadi ya JUWATA aliiweka kwenye Biblia. JUWATA, kwa wasiokumbuka, ilizaliwa 1978 ikiwa jumuiya ya wafanyakazi ya Chama cha Mapinduzi, ikirithi NUTA ya 1964, ambayo nayo iliwekwa baada ya shirikisho la zamani, TFL, kuvunjwa. Miaka ile ya uhaba, tawi la JUWATA ndilo lililotuletea sukari na sabuni ya mche. Mama aliikata sabuni kwa uzi vipande sita. Baba hakuwahi kusema chama kimemtetea. Alisema chama kimeleta. Ilipofika 1991 likaja shirika jipya la vyama, OTTU, na maneno ya kujitenga na chama tawala, mzee akaguna, "Sasa sukari italetwa na nani?" Mama wa yule binti na baba yangu wangekutana wangeelewana kabla ya chai kupoa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, tatizo la pale kiwandani lilikuwa na miguu miwili: mwajiri aliyezoea chama cha kugawa, na viongozi wetu wa mkoani ambao sheria imebadilika lakini wao bado wanaishi JUWATA. Walipokutana walipatana haraka. Sheria ya 2004 inasema tawi lenye wanachama kati ya 21 na 100 lina haki ya wawakilishi 10 kazini. Sisi tulikuwa na wawili. Inasema masharti ya ajira mfanyakazi asiyeyaelewa lazima aelezwe kwa namna anayoielewa. Inasema mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Pale ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya joka na tangazo la kukataza kutema mate.

Sisemi Wachina wote ni wamoja. Semina ya Morogoro ilikuwa ya siku tatu, na mwezeshaji alikuwa amefanya kazi Zambia, kwenye ukanda wa shaba. Alitueleza habari za Chambishi, penye mgodi wa shaba wa Wachina: mwaka 2005 kiwanda cha baruti kilicholihudumia eneo lile la mgodi kililipuka, wakafa vijana wa Kizambia zaidi ya 40. Akatueleza ya Collum, mgodi wa makaa ya mawe kule kusini, ambako mwaka 2010 mameneja wawili wa Kichina waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa wanadai malipo, na mwaka uliofuata kesi ikafutwa. 2012 wafanyakazi nao wakamuua meneja katika vurugu za kima cha chini. Ukumbi ulikuwa kimya. Halafu akasema, sasa sikilizeni na hili: bei ya shaba ilipoporomoka mwishoni mwa 2008, mwekezaji wa Luanshya, ambaye hakuwa Mchina, alifunga mgodi akaondoka. Aliyekuja kuufungua 2009 ni kampuni ya serikali ya China. Collum ilikuwa mali ya watu binafsi, wa familia. Luanshya ilichukuliwa na shirika la umma ambalo lina jina la nchi yake la kulinda. Akasema chama kinachoingia kwenye majadiliano bila kujua kampuni ni ya nani, na nani kule kwao anaweza kumpigia simu akamkemea, kinapiga ngumi gizani.

Mimi mwenyewe mwaka jana nilikwenda msibani Sengerema nikapita daraja la Kigongo–Busisi. Kilomita tatu juu ya maji, lililozinduliwa Juni 2025, limejengwa na kampuni za Kichina na vijana wetu. Nilikumbuka tulivyokuwa tunalala foleni ya kivuko na maiti kwenye gari. Nikashukuru, tena kwa sauti, abiria wa jirani akanigeukia. Mtu anaweza kushukuru daraja na bado akataka kuuona mkataba wake.

Turudi kiwandani. Mwaka 2018 kijana wa shifti ya usiku alikatwa vidole viwili kwenye mashine ya kusagia. Kulikuwa na dumu limekwama, msimamizi anapiga kelele "kwaikwai", neno la kwanza la Kichina ambalo kila mtu pale alilijua, haraka haraka, na kijana akaingiza mkono kabla mashine haijatulia. Bosi mwenyewe aliendesha gari kumpeleka hospitali, nguo zake za kulalia zikiwa zimelowa damu. Alilipa matibabu taslimu. Alimpelekea nyumbani gunia la mchele na shilingi laki tatu, akakaa na mama yake kwenye mkeka. Sijasahau hilo na sitaki mtu alisahau.

Lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hakuutaarifu. Kwake yalikuwa yameisha: mtu ameumia, amehudumiwa kama ndugu, nini tena? Afisa wetu wa mkoa nilipompigia simu alisema tusiwakatishe tamaa wawekezaji. Tukachanga nauli sisi wa tawi, tukaandika wenyewe, nikafuatilia karatasi miezi mitano. Kijana alilipwa kwa vidole vyake, fedha ambazo mchele ule usingezifikia hata uwe magunia kumi. Bosi alipopata barua ya Mfuko alinitazama kama mtu aliyemsengenya shemeji yake. Nadhani aliumia kweli. Alitoa wema, tukamjibu kwa fomu.

Mwanzoni mwa 2020 ndipo yalipovunjika. Ovataimu ilikuwa imekatwa tena, mkataba bado kabatini, na alfajiri moja shifti ya usiku ilipotoka na ya mchana ilipoingia, watu hawakuwasha mashine. Saa mbili tu. Sikuuitisha mgomo ule na sikuuzuia. Kisheria tulikosea: mgogoro unapelekwa kwanza kwenye usuluhishi, siku 30 zipite, kura ipigwe, notisi ya saa 48 itolewe. Tuliyajua hayo, angalau mimi. Lakini mkutano wa kuyapanga tungeuitishia wapi, na chini ya kiongozi gani, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani kila penye joto? Tukafukuzwa watu saba. Kwenye barua yangu waliandika "kusimamisha". Safari hii mkalimani alipatia.

Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, wenzangu wanne nao. Siku ya kikao mwakilishi wa chama hakutokea, alikuwa safarini. Bosi alitokea, na mkalimani, na yule binti wa uhasibu akiwa na mafaili. Aliponiona koridoni aliinama kidogo akasema, "Mwangaluka, Mama." Msukuma gani alimfundisha sijui. Nikaitikia, sikuwa na namna. Tulisuluhishwa, nikapewa mishahara ya miezi sita, kazini sikurudi. Cherehani ninayoandikia barua hii juu yake ni ya fedha ile.

Ombi langu ni moja na halihitaji Bunge. Mkataba wa hali bora ukishasainiwa, nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Ndivyo sheria inavyotaka. Kwa hiyo nakala zipo, zimekaa Serikalini. Zibandikwe. Ukutani kiwandani, getini, na mtandaoni kwa wenye simu, kwa Kiswahili, ambacho tangu 2021 ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Mwajiri wa Kichina asiyetaka kubandika atajulikana, na kiongozi wa chama asiyetaka atajulikana pia. Na kwenye majadiliano tawi liwe na mkalimani wake, hata kama ni wa kulipwa kwa mchango wa fulana za Mei Mosi.

Nilisema mkataba wetu hatukuuona. Niliuona, lakini siku ile ya Tume. Binti wa uhasibu aliutoa kwenye faili kama kielelezo, akautoa nakala mbili, moja akanisukumia mezani bila kunitazama. Una kurasa 11, kwa Kiingereza. Kulwa, aliyekuwa kidato cha tatu, alinisomea kwa kamusi usiku mbili. Penye sahihi ya mwakilishi wa wafanyakazi amesaini mtunza stoo, ambaye hata TUF 6 hakuwahi kujaza. Mengi ni maneno ya kawaida. Lakini ukurasa wa 6, kifungu cha 14, kinasema kila mfanyakazi atapata vipande viwili vya sabuni na kilo moja ya sukari kila mwezi, na wanaofanya kazi kwenye kusaga na kuyeyusha watapata nusu lita ya maziwa kila siku ya kazi.

Nilicheka tena, kama siku ile ya bombani. Hata maziwa ya JUWATA walituficha.

Kama yupo wa shifti ya usiku anayesoma gazeti hili kabla ya kulifungia vitumbua: ukurasa wa 6, kifungu cha 14. Nakala ninayo, njooni Igoma mtoe fotokopi.

Mama Kulwa,
Igoma, Mwanza